Maji ya Bwana Harusi

"Maji ya bomba ni ya kufulia," Koplo alisema kabla hata gari halijasimama vizuri. "Kufulia, kuoshea gari, kumwagilia maua. Binadamu anakunywa ya chupa, Afande."

"Na mama yako alikukuza na yapi?"

"Mama alikuwa hajui."

"Basi kamweleze leo jioni, lakini usimame mbali kidogo. Shuka."

Inspekta alitangulia. Mwanamke mrefu, mkavu, viatu bapa, na mkoba mmoja begani ambao hakuna mtu aliyeruhusiwa kumbebea. Kitengo chao kilikuwa cha bidhaa feki. Mwezi ule walishakamata sabuni feki, betri feki, na jamaa mmoja aliyeuza dawa ya mende ambayo mende walikuwa wanainenepea. Leo wameitiwa maji.

Nje ya karakana ya ushonaji pikapu ilikuwa imeegeshwa, nyuma imejaa madumu ya maji ya kunywa, yale makubwa ya plastiki yanayopinduliwa kichwa chini juu ya mashine. Ndani ya pikapu alikaa kijana mpana wa mabega, mikono kwenye usukani, safari hana. Mlangoni alisimama msichana amekunja mikono. Alimtazama kijana, akatazama ndani, akamtazama kijana tena, kama mtu anayeangalia mechi na timu zote mbili ni zake.

"Nyinyi ndio polisi?" Sauti ilifika kabla ya mwenyewe. Halafu mwenyewe akafika: mwanamke mfupi, mnene, tepu ya kupimia shingoni, pini zimechomekwa kifuani kama nishani za jenerali. Mtaa ulimwita Bi Sindano, na si kwa sababu ya kushona tu. "Mwizi huyo hapo, kwenye pikapu. Mchukueni."

"Mama, huyo ni mchumba wangu," msichana alisema.

"Sijasema si mchumba wako. Nimesema ni mwizi. Mtu anaweza kuwa vyote viwili, niulize mimi niliyeolewa na mmoja."

"Tuanze mwanzo," Inspekta alisema. "Kaibiwa nani, kaibiwa nini."

Bi Sindano alieleza na hakuvuta pumzi. Kijana yule aliitwa Madumu. Kazi yake kusambaza maji ya chupa kutoka kiwandani hadi maofisini na madukani. Aliyaleta na hapa. Akamwona binti, akaanza kushusha madumu polepole sana, dumu moja nusu saa. Posa ikaja, ikakubaliwa, harusi ikapangwa Jumamosi. Leo Alhamisi. Na juzi ndiyo Bi Sindano akagundua kwamba maji aliyokuwa anauziwa kama ya chupa ni ya bomba.

"Mtu anayemuuzia mama mkwe maji ya bomba, binti yangu atamletea nini nyumbani? Hata watoto watakuwa feki!"

"Mama!"

"Nyamaza. Harusi sitaki."

Inspekta alifungua mkoba, akatoa kalamu, akaifikiria, akairudisha. "Nikikuta ni kweli, pikapu naichukua na kibali chake cha biashara kinakwenda. Nikikuta si kweli?"

"Ni kweli."

"Nimeuliza nikikuta si kweli."

Bi Sindano alivuta tepu upande mmoja, akaivuta upande wa pili. Mafundi ndani walikuwa wameacha kukanyaga cherehani. Wote masikio.

"Basi Jumamosi anaoa," alisema. "Lakini ni kweli."

Waliingia. Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu, cherehani safu mbili, vitambaa vimeegemea ukuta kwa rangi zake, vipande vya nyuzi vimejaa sakafuni mpaka vinashika kwenye soli. Mwisho kabisa, nyuma ya pazia, mvuke ulikuwa unatoka na mwanaume alikuwa anaimba kwa sauti nzito. Pembeni mwa mlango kulikuwa na sinki na bomba. Kando ya sinki, mashine ya maji na dumu juu yake.

Koplo alishajisevia glasi. Akameza, akafumba macho.

"Aah. Haya ndiyo maji. Unasikia kabisa yametoka mbali."

"Mweleze, mweleze!" alidakia fundi mmoja wa safu ya mbele, mwanamke mwembamba mwenye zipu tatu mdomoni. Huyo walimwita Mama Zipu. "Hapa ndani tuna vyama viwili, Afande. Chama cha Chupa na Chama cha Bomba. Mwenyekiti wa Chupa ni Bi Sindano."

"Na wa Bomba?"

"Mimi. Lakini nakunywa ya chupa. Ya bure hayakataliwi."

"Ulisema mwenyewe yana ladha ya mlimani!" Bi Sindano alimgeukia.

"Nilisema kwa sababu ulikuwa unanitazama."

Inspekta aliuliza ushahidi ni upi. Bi Sindano akaleta birika la umeme, akafungua mfuniko. Chini ndani kulikuwa na ukoko mweupe, mgumu, umeganda kama chokaa ukutani.

"Birika jipya hili. Nalijaza mimi, kwa mkono wangu, kutoka kwenye mashine. Sijawahi kulitia ya bomba. Maji ya mji huu yana chokaa, kila mwenye sufuria anajua. Ya kiwandani hayana. Sasa huu ukoko umetoka wapi? Umeanguka kutoka mbinguni?"

Inspekta alikwangua kwa ukucha. Akasaga kati ya vidole. "Hoja nzuri hii, Mama."

"Mimi si mjinga."

"Hakuna aliyesema."

Akatoa kwenye mkoba kibati chenye vidonge vidogo na vichupa vya kioo. Mafundi walisogea. Mmoja alikuja na shati la mtu mkononi, sindano bado inaning'inia.

"Maji ya bomba yanatiwa dawa ya kuua vijidudu," Inspekta alisema. "Kidonge hiki kikikutana na dawa hiyo, maji yanageuka waridi. Ya kiwanda hiki hayatiwi dawa hiyo. Yanabaki vile vile."

Alikinga ya bomba, akatia kidonge, akatikisa. Waridi kali, kama rangi ya mdomo ya mtu anayekwenda kudai haki yake. Alikinga ya kwenye mashine, akatikisa. Waridi.

Lakini waridi hafifu. Kama shavu.

"Si nilisema!" Bi Sindano alipiga makofi. "Si nilisema!"

Koplo alitazama glasi yake tupu, akaiweka chini taratibu.

Inspekta akaomba kuona madumu ambayo hayajafunguliwa. Stoo ilikuwa nyuma, karibu na pazia la mvuke, chumba kidogo chenye nguo zilizokwisha zinaning'inia na madumu yamepangwa chini yake. Mlango haufungwi mchana, kila mtu anaingia na kutoka na hangari. Alichukua dumu moja. Lebo ya karatasi ilipita juu ya kizibo, imeshika huku na huku. Haijachanika. Akaichana yeye, akafungua, akapima.

Waridi hafifu tena. Shavu lile lile.

"Kesi imekwisha, Afande," Koplo alisema. "Dumu limefungwa, ndani bomba. Mwuzaji ndiye. Nimlete?"

"Tumfuate sisi."

Madumu alipowaona wanakuja alishusha kioo chote.

"Shikamoo, Afande. Mimi sijafanya kitu."

"Marahaba. Hakuna aliyekuuliza bado. Hiyo chupa hapo kwenye kiti ni ya nini?"

Ilikuwa chupa ya lita, haina karatasi, imejaa. Kijana aliiona kama anaiona mara ya kwanza. Akaisogeza chini ya paja.

"Ya kunywa tu."

"Lete."

"Afande, hiyo ni yangu ya..."

"Lete, kijana."

Kidonge. Kutikisa. Waridi kali, rangi ya mdomo. Koplo alitoa pingu kabla rangi haijatulia.

"Maji ya bomba ndani ya gari la maji ya chupa," alisema. "Afande, hapa hata mtoto mchanga angefunga jalada."

"Ni yangu ya kunywa!" Madumu alishuka, akajishika kichwa. Aliangalia kama mchumba wake anasikia. Anasikia. "Sawa. Sawa, naongea. Mimi nakunywa ya bomba. Nimekua nayo. Haya ya chupa hayanikati kiu, nakunywa dumu zima, nabaki kama nimekunywa upepo. Kila asubuhi najaza chupa yangu pale pa kuoshea magari. Sasa mteja akijua si nimekwisha?"

Koplo alimtazama kwa huzuni ya kweli. "Unauza ya chupa halafu unakunywa ya bomba?"

"Kwani muuza majeneza analala humo?"

Mlangoni Mama Zipu alicheka mpaka zipu moja ikamtoka mdomoni.

"Umenificha hilo?" binti aliuliza.

"Ningekwambia baada ya harusi."

"Kuna lingine la baada ya harusi?"

"Nakoroma."

"Hilo mtaa mzima unajua, unalalaga kwenye pikapu mchana."

Inspekta alikohoa. "Hapo pa kuoshea magari. Mama mkwe wako anasema kuna aliyekuona na mpira wa maji, madumu yamepangwa mbele yako."

"Naosha nje ya madumu, Afande. Vumbi. Mama mkwe akiona vumbi kwenye dumu anauliza kama nimelichimba."

"Kweli huwa nauliza," Bi Sindano alisema kwa mbali, hakujizuia.

Inspekta alipanda nyuma ya pikapu. Hakuchagua la mbele. Alivuta dumu la katikati kabisa, lililobanwa na wenzake, akachana lebo, akapima. Maji yalibaki vile vile. Akavuta la pembeni. Vile vile. Akavuta la chini ya yote, Madumu akamsaidia kuinua. Vile vile, maangavu, hata dalili ya waridi hakuna.

"Ana madumu ya aina mbili," Koplo alisema. "Ya kuuza na ya kuonyesha polisi."

"Alijua tunakuja?"

"Hapana."

"Basi huyo ni mganga, si mwizi." Inspekta alikuwa amechuchumaa, uso karibu na kizibo cha dumu jingine, kidole gumba kinapita juu ya lebo. Kikapita tena. "Hizi lebo nani anabandika?"

"Wadada wa kiwandani," Madumu alijibu. "Kwa mkono. Dumu linapita, wanapiga kofi moja, linaondoka."

"Ndiyo maana imekaa upande."

"Zote ziko hivyo. Zimejikunja kama mtu kaamshwa usingizini."

Inspekta alitazama lebo ya pili, ya tatu, ya nne. Zote zilikuwa zimepinda, zina mikunjo, nyingine zina hata alama za vidole. Akaruka chini, akarudi ndani kwa mwendo ambao Koplo ilibidi akimbie.

Kwenye stoo aliinama juu ya madumu yaliyobaki. Lebo ya kwanza ilikuwa imenyooka. Haina mkunjo hata mmoja, pembe zimelala sawasawa. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo, katikati ya kizibo barabara, kama imepimwa. Aliinamisha dumu kuelekea dirishani ili mwanga upite juu ya karatasi. Palikuwa na vijistari vidogo vidogo, vimekatizana, vimejaa karatasi nzima.

"Unaona nini?" alimuuliza Koplo.

"Lebo safi, Afande. Safi kuliko kola yangu."

"Hilo ndilo tatizo. Sasa nijibu na lingine. Mtu anayetengeneza maji feki anataka faida. Anajaza ya bomba kiasi gani?"

"Lote. Kwa nini atie ya chupa tena?"

"Ila haya ni waridi hafifu. Nusu kwa nusu. Kuna mtu amechukua nusu dumu ya maji mazuri, akarudishia nusu ya bomba ili lionekane limejaa. Huyo hakutaka kuuza. Alikuwa na kazi na yale maji."

"Kazi gani? Maji ni ya kunywa."

"Humu ndani, Koplo. Angalia. Nani mwingine humu ndani anakunywa maji, na si mtu?"

Koplo alizungusha macho. Cherehani hazinywi. Mikasi hainywi. Kutoka nyuma ya pazia mvuke ukatoa mluzi mrefu, *fiiiiii*, na wimbo ukafika kwenye kiitikio.

Inspekta alifungua pazia.

Fundi Pasi alikuwa jitu la mtu, upara unang'aa kwa jasho, taulo shingoni. Meza yake ilikuwa pana kama kitanda. Juu yake ililala suti nyeusi ya mwanaume, na juu ya suti kitambaa kizito cheupe cha kuwekea pasi, na juu ya kitambaa pasi ya mvuke yenye mpira unaoingia kwenye tangi dogo. Aliacha kuimba. Lakini pasi hakuacha. Aliimalizia mpaka mwisho wa mkono wa koti, akainyanyua, akaisimamisha.

"Karibu, Afande."

"Asante. Kazi nzuri hiyo."

"Najitahidi."

"Naomba unifungulie tangi."

Alifungua. Inspekta akamulika kwa simu. Ndani kulikuwa safi, hakuna ukoko hata wa kuwekea kwenye kijiko. Akaangalia vitundu vya chini ya pasi. Vyote viko wazi.

"Pasi hii ina umri gani?"

"Kongwe. Imenikuta hapa."

"Birika jipya lina chokaa, pasi kongwe haina. Unanisaidiaje hapo, Fundi?"

Fundi Pasi alijifuta upara. Nyuma ya Inspekta karakana nzima ilikuwa imejaa kwenye pazia, vichwa juu ya vichwa, Bi Sindano mbele, Madumu na binti nyuma kabisa.

"Naomba na hicho kitambaa cheupe," Inspekta alisema. Alikichukua, akakiweka kando ya kipande cha lebo alichokuwa amekichana. Nyuzi nene za kitambaa zilikuwa zimekatizana hivyo hivyo, nafasi ile ile, vijistari vile vile. Alimwonyesha Koplo. Koplo akapiga mluzi.

"Fundi," Inspekta alisema kwa upole, "mwizi yeyote angeibandika tu. Wewe uliipiga pasi?"

"Sasa ningeiacha imekunjamana?"

Aliuliza kwa mshangao kabisa, kama ameulizwa kwa nini anavaa suruali. Mama Zipu alijiziba mdomo. Haikusaidia.

"Eleza yote," Inspekta alisema.

"Ni ile suti ya kijivu iliyokolea, Bi Sindano. Unaikumbuka. Maji ya bomba yanaacha chokaa ndani ya pasi, halafu siku yake ikifika inatema. Ikatema madoa meupe mgongoni, bwana harusi wa watu akaenda kanisani kama kalalia unga. Ukaniambia doa lingine moja, nakwenda nyumbani. Nikakuomba maji ya chupa ya pasi."

"Nikasema maji ya kunywa si ya kuchezea," Bi Sindano alisema polepole.

"Ukasema hivyo. Basi. Nachukua nusu, narudisha nusu. Mvuke unaibandua lebo yenyewe, karatasi haichaniki. Naibandika, napitisha pasi juu kidogo. Tangu hapo kuna doa limetoka hapa? Moja?"

Halikuwepo.

"Na ulisikia kijana wa watu anaitwa mwizi tangu juzi," Inspekta alisema, na sasa sauti haikuwa ya upole. "Ukanyamaza. Harusi inavunjika, wewe unaimba."

Jitu lile lilishusha kichwa. "Nilitaka kusema jana. Nikaona nikisema nafukuzwa pale pale. Na hii hapa," aligusa suti mezani, "ni yake, Madumu. Nikasema nimalize kwanza. Nikiondoka, angalau yeye aoe amenyooka."

"Mimi nilisema suti hiyo isishonwe tena!" Bi Sindano alifoka.

"Ilikuwa imeshashonwa. Kupiga pasi hukukataza."

Halafu Mama Zipu, kutoka chini ya kwapa la mtu: "Ina maana tumekunywa bomba miezi yote hii?"

"Nusu," Fundi Pasi alisema. "Nusu tu."

"Bi Sindano! Si ulisema tumbo lako limepona tangu uanze ya chupa?"

"Limepona!"

"Kwa bomba!"

"Kwa nusu!"

Karakana ilipasuka. Mtu alianguka juu ya robota la kitambaa akacheka huko huko. Mwingine alitaka mwenyekiti wa Chama cha Chupa ajiuzulu hapo hapo. Koplo alisimama wima, macho chini kwa aibu, mpaka Inspekta alipomgeukia.

"Yametoka mbali, eh?"

"Afande, ile nusu nyingine ndiyo niliyoisikia."

Bi Sindano peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama Fundi Pasi, kisha suti, kisha Fundi Pasi. Akapitisha kiganja mgongoni mwa lile koti, taratibu, akitafuta doa. Alitafuta sana.

"Kuanzia kesho," alisema, "madumu ya chupa yanakwenda kwenye pasi. Yote. Watu watakunywa ya bomba. Na wewe Fundi, siku nyingine ukiniibia, nifiche vizuri zaidi, si kwa lebo iliyonyooka kama kadi ya benki."

"Sifukuzwi?"

"Nani atapiga pasi Jumamosi? Mimi?"

Inspekta alikuwa anafunga mkoba. "Mama, kijana hana kosa. Uliahidi mbele ya mashahidi."

"Nimeahidi. Yuko wapi?"

Hakuwepo. Nje, injini ya pikapu iliwaka.

Walitoka wote mbio, wanasukumana mlangoni. Madumu alikuwa nyuma ya usukani, uso ameukunja. Binti alikuwa amesimama mbele ya gari, mikono juu ya boneti.

"Nipishe hapo, mpenzi. Nina wateja."

"Nikanyage."

"Mkwe!" Bi Sindano aliita. "Zima gari, baba. Yameisha. Nimekosea, nisamehe."

Madumu alitoa kichwa dirishani. "Mama, nakuheshimu. Lakini mimi uliniita mwizi hapa barabarani. Wa duka la vifaa alisikia, wa saluni alisikia, mpaka yule babu asiyesikia alisikia. Samahani ya mlangoni itawafikaje?"

Bi Sindano alitazama kushoto, akatazama kulia. Mtaa ulikuwa umeshatoka. Saluni imetoka na mteja mwenye povu kichwani. Juu ghorofani watu wameegemea kwenye vizuizi vya roshani. Alivuta pumzi mpaka pini zikasogea kifuani.

"JAMANI! Sikilizeni! Huyu kijana si mwizi! Maji yake safi! Mimi ndiye nilikuwa na mdomo!"

"Hilo tulijua!" roshani ilijibu.

"Kipi mlijua?"

"Vyote!"

Madumu alijitahidi kununa. Mdomo ukamshinda, ukafunguka wenyewe, meno yote nje. Akazima injini.

"Harusi ipo?" aliuliza mwenye povu.

"Ipo!"

"Si uliniambia jana haipo? Nimeshaahirisha kusuka!"

Bi Sindano alijishika shavu. Binti alitoa mikono kwenye boneti, akageuka polepole.

"Mama. Umewaambia watu wangapi kwamba haipo?"

"Wachache tu."

"Mama."

"Niliazima spika ya msikiti... hapana, ya duka. Nilipita mitaa ile ya juu, halafu ile ya chini. Na ndugu zake Madumu niliwapigia mmoja mmoja. Na wenye viti."

"Wenye viti!"

"Na wa keki."

Madumu alishafungua mlango wa pili. "Panda, Mama. Hapa katikati. Watu wa viti kwanza, kabla hawajampa mwingine."

Bi Sindano alipanda hivyo hivyo, tepu shingoni, binti akambana kwa upande wa pili. Mama Zipu na wawili wengine waliruka nyuma, wakakaa juu ya madumu kama maharusi wenyewe, wanagonga plastiki kwa viganja, *du-du-du*, na mtaa unaitikia. Pikapu ikajitingisha, ikaingia barabarani. Mbele ilikuwa foleni, magari yamesimama mpaka kwenye kona.

"IPO!" Bi Sindano alikuwa ameshatoa kichwa dirishani, anamwambia dereva wa lori asiyemjua. "Jumamosi! Ipo!"

Koplo aliingia nyuma ya usukani wa gari la polisi. Alitazama foleni. Akamtazama Inspekta aliyekuwa anafunga mkanda.

"Afande, king'ora ni cha dharura tu. Najua. Kanuni naijua."

"Vizuri."

"Naitaja tu."

Mbele yao Bi Sindano alikuwa anapiga mlango wa pikapu kwa kiganja, anamtaka mwenye baiskeli apishe ndoa ya watu.

"Washa," Inspekta alisema.